Nani Atamfunga Mama Kitenge

Mudzipela, Bunia, tarehe 11 Februari 2024

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Michée,

Nakusalimu wewe, Gracieuse na watoto wenu. Sisi tuko. Binti yangu Tina yuko darasa la sita na tayari anajiona mkubwa kunishinda. Mdogo wake alishikwa na malaria, amepona, sasa anakula mpaka naficha sufuria. Unifomu za shule zilinikalisha kwenye cherehani Septemba nzima, mgongo bado unalalamika. Baba ya watoto bado yuko kwenye dhahabu huko Mongbwalu. Salamu zake zinafika, mwenyewe hafiki. Baba Mudogo Ambroise naye anakusalimu. Kila Jumapili akitoka misa anapitia hapa kuuliza, "Michée atakuya siku gani?" Namwambia mimi si bibi ya Michée, nitajuaje.

Salamu zimekwisha. Sasa tuseme.

Usijisumbue kunipigia simu, namba yako nimeifunga. Kwenye simu una tabia moja: maneno yakianza kuwa ya kweli, unasema "réseau iko mubaya", halafu unakata. Karatasi huwezi kuikata. Dereva Kule, yule Mnande mwenye lori la kwenda Ariwara, amekubali kutubebea barua. Amesema tusimwambie zina nini ndani.

Mama bado amevaa nyeusi. Mwaka wa kwanza baada ya kifo cha Baba ulipita tukasema sawa, ni barabara inayokuzuia. Wa pili nao unakwenda. Ile nguo nilimshonea mimi mwenyewe usiku wa msiba, leo imekuwa rangi ya udongo na nimeitia viraka kwapani. Wewe unajua mambo ya kwetu: mjane aliye katika nyeusi haimbi kanisani, hapeani mkono, hakai sokoni. Nani atanunua samaki wa chumvi kutoka mkono ulio katika kilio? Yule Mama aliyekuwa akifika sokoni Djugu kabla ya wenye soko, sasa anashinda kwenye benchi akichambua maharagwe niliyokwisha kuchambua mimi. Amekonda. Ninapomwogesha ninahesabu mbavu.

Kinachotakiwa ni kidogo. Mtoto mwanaume wa kwanza aje, amvue kile kitambaa cha kichwani, amfunge kitenge kipya mbele ya watu, tule, tutoe matanga, Mama arudi kuwa mtu. Mtoto huyo ni wewe. Ulikuja siku moja tu, Baba amekwisha kuzikwa, ukajitenga na Mama nyuma ya nyumba mkinong'ona, na kesho yake ukapanda gari la kwanza bila kumaliza chai. Tangu hapo hatujakutia machoni. Pasaka ni tarehe 31 Machi. Njoo.

Mdogo wako,
Nadège


Ariwara, tarehe 9 Machi 2024

Nadège,

Tunakusalimu. Gracieuse hajambo, watoto wanasoma, wanaongea Lingala mpaka nyumbani, nikiwasemesha Kiswahili wananitazama kama mgeni wa serikali. Hapa sokoni jina langu limekufa, naitwa "Papa Matela" kwa ajili ya magodoro. Nayachukua Arua, upande wa Uganda, nayafunga juu ya gari mpaka linafanana na mlima, na nikivuka mpaka kila mwenye kofia anataka kulijaribu moja kwa kulala. Hiyo ndiyo kazi yangu. Asubuhi nakunywa chai bila kusema na mtu, kama Baba. Nakumbuka wewe pia uko hivyo, na sisi watatu tulikuwa tukikaa jikoni tumenuna hivyo hivyo mpaka vikombe viishe, Mama akisema amezaa mawe.

Barua yako nimeisoma. Una ulimi, sikatai. Ila usinifundishe habari ya kuchelewa. Nani alimzika Baba bila kuningoja? Niliwaambia niko njiani. Nilipofika nikaonyeshwa udongo mbichi na msalaba wa mbao ambao jina langu lilisahauliwa kwenye orodha ya watoto. Mlimfukia kwa haraka kama watu wanaoficha kitu.

Tena nakukumbusha jambo moja kwa kuwa unapenda kukumbusha. Vita vilipotukimbiza kijijini mara ya kwanza, ulikuwa mtoto mwenye miguu ya kuku, nani alikubeba mgongoni mpaka Iga? Si Baba Mudogo Ambroise.

Pasaka sitakuja. Barabara ya Djugu unaijua, wiki hii inapitika, wiki ijayo watu wanachomewa magari. Na Mama ndani ya ile nguo hana neno. Mwache alivyo. Kule anamletea godoro, la unene mzuri, la hapa kwangu. Mwambie alilalie.

Michée


Mudzipela, Bunia, tarehe 7 Aprili 2024

Yaya Michée,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Pasaka ilipita kama ilivyopita. Tina aliimba na chorale ya watoto. Mama alikaa benchi la nyuma kanisani, mdomo umefungwa, na nyimbo zote zile ni yeye aliyetufundisha. Baba Mudogo alituletea mchele na mfuko wa makala ya kupikia. Mabati ya jikoni yaliyokuwa yanavuja amepanda mwenyewe kuyapigilia, na suti yake ya Pasaka mwilini. Nyumba ni yake, lakini tangu tulipofika na mafurushi yetu kutoka Djugu hajatudai kitu hata siku moja. Yeye mwenyewe alizika mke wake, anajua upweke ni nini. Mtu kama huyo ndiye unamtaja kwa kejeli.

Godoro lako limerudi na Kule. Ulilione, ulisikie mikononi, na ukae juu yake ukifikiri. Mama hahitaji mahali pa kulala zaidi. Analala mchana kutwa, na kazi ndiyo anayokosa. Kule alicheka sana, akasema hajawahi kubeba godoro kwenda na kurudi kama abiria.

Habari ya mazishi: ulitaka tufanye nini? Chumba cha maiti kilikuwa hakina umeme. Ulisema uko njiani, na hiyo "njiani" yako ilikula siku ngapi? Mimi ndiye niliyemfunga Baba kidevu. Wewe ulifika na maneno.

Na ule mgongo wako. Ndiyo, ulinibeba. Lakini malizia hadithi basi. Kwenye kile kijito kabla ya Iga ulinishusha, ukaniweka chini ya mti na wanawake nisiowajua, ukarudi nyuma mbio. Nililia mpaka sauti ikaisha. Ulirudi jioni ukiwa na redio ya betri mkononi. Uliacha dada yako porini kwa ajili ya redio, Michée. Nimekua nayo hiyo. Kila mara nikikungoja mahali nasikia kile kijito.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba Mama aachwe alivyo. Wewe kuacha watu ndiyo kazi unayoijua, magodoro ni ya ziada.

Nadège


Ariwara, tarehe 19 Mei 2024

Nadège,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa chai ya Kule, lakini matusi yalisomeka vizuri. Watoto hawajambo. Gracieuse amesafiri kidogo kwa kwao. Mimi nilikwenda Arua nikarudi, mvua imeniharibia mzigo, na wiki mbili nimekuwa nikianika magodoro barabarani kama mtu mwenye watoto kumi wanaokojoa kitandani. Watu wanapita wananipigia makofi.

Sikutaka kusema habari ya redio, lakini umenichosha. Sikurudi kwa ajili ya redio. Baba alikuwa amekaa mlangoni na kukataa kutoka. Sikiliza vizuri: Baba, yule mwanaume aliyekuwa akitutisha kwa kukohoa tu, alikuwa amekaa chini analia, miguu haimchukui. Nilimwinua, nikamvuta. Redio aliing'ang'ania yeye kifuani kama mtoto wake. Tulipokaribia kwenu akanipa niishike nitangulie, akajifuta uso, akaniambia, "Usiambie mama yako. Usiambie batoto." Sikuwaambia. Umenichukia kwa ajili ya redio miaka yote hii, nami nilikuwa najua kwamba unanichukia kwa ajili ya redio. Basi, sasa unajua. Sitaki asante yako.

Nimekuambia hilo kwa sababu Baba amekufa na haliwezi kumwaibisha tena. Mengine siwezi kuyasema. Mama bado yuko.

Kutoa matanga ngojeni. Usiniulize mpaka lini. Na huyo Baba Mudogo, mpigie hodi zako zote za heshima, mshukuru kwa makala, lakini mtu anayeuliza jambo lile lile kila Jumapili hana usahaulifu, ana shida yake. Fikiri kidogo, kama kichwa hakijajaa nyuzi.

Michée


Mudzipela, Bunia, tarehe 16 Juni 2024

Michée,

Umeona sijaandika Yaya. Si kalamu iliyokosea.

Watoto wazima. Mtihani wa Tina umekaribia. Nimekusalimu.

Habari ya Baba imeniliza, na nimekasirika kwamba imeniliza mbele ya wateja. Sijui kama ni kweli. Aliye shahidi amelala Bunia chini ya msalaba. Wewe kila ukibanwa una siri ya mtu mwingine mfukoni: leo ya Baba, kesho ya Mama. Wewe mwenyewe huna kosa hata moja, yote ni siri za watu. Unajua kulipaka jambo mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa sikia, hii siyo kukuomba. Nimezungumza na wakubwa wa familia waliobaki hapa mjini. Tumekubaliana Jumamosi tarehe 13 Julai tutoe matanga. Bashi ya kivuli nimeshaiazima kanisani, mama wa chorale watapika, kitenge nimekinunua mimi, cha buluu chenye ndege. Na kwa kuwa mtoto wa kwanza amegeuka kuwa barua, Baba Mudogo Ambroise amekubali kushika nafasi yako. Yeye ndiye atamvua Mama kitambaa na kumfunga kitenge. Nilipomwambia, akaniwekea mkono kichwani kunibariki, na macho yake yalikuwa na maji. Ni mdogo wa Baba, ni damu moja. Hakuna aliyepinga.

Mama nilimwambia jana. Amesema tu, "Mumungoje Michée." Nikamwambia, Mama, Michée hakuji, Michée alikwisha kutuuza pamoja na magodoro yake. Akasema tena, "Mumungoje." Akageukia ukuta. Nimechoka na ukuta ule na nimechoka na jina lako. Tarehe 13, wewe uwepo usiwepo, Mama atatoka katika nyeusi.

Nadège


Ariwara, tarehe 27 Juni 2024

Nadège,

Hakuna salamu, hakuna nafasi. Barua yako imenifikia leo asubuhi. Nimekupigia kwa simu ya jirani, ukisikia sauti yangu unakata. Nimekuandikia ujumbe kwa simu hiyo hiyo, sijui kama umeusoma. Kule anaondoka sasa hivi, naandika juu ya bodi ya lori lake.

USIMRUHUSU BABA MUDOGO KUMFUNGA MAMA KITENGE.

Ulikwenda shule ya masista ukiwa mdogo, na matanga uliyoyaona ni haya ya Bunia ya bashi na muziki, ambapo hata jirani anaweza kumvua mjane kitambaa. Kwetu siyo hivyo. Mwanaume anayemfunga mjane kitenge mbele ya watu ndiye anayemchukua. Akifunga mtoto wake, mjane ni mama wa mtu, yuko huru, anakaa anapotaka. Akifunga ndugu ya marehemu, kuanzia siku hiyo yule mjane ni bibi yake wa ndoa. Hakuna mahari, hakuna swali. Wazee uliowauliza wanajua. Walidhani na wewe unajua, walidhani ndiyo unalolitaka.

Mama hamtaki. Hilo ndilo aliloninong'oneza nyuma ya nyumba. Ambroise alimwambia kabla udongo wa Baba haujakauka. Mama akaniapisha: usikuje, usinitoe katika nyeusi, nikiwa katika nyeusi hawezi kunigusa, na lawama itakuwa ya kwako. Nikakubali lawama. Nilimwapia kwamba sitakuambia wewe hasa. Nimevunja kiapo, kitanirudia mimi.

Najaribu kuja. Ahirisha. Sema umeugua, sema lolote.

Michée


Lumumba, Bunia, tarehe 4 Agosti 2024

Yaya Michée,

Nakusalimu. Angalia juu ya karatasi, tumehama. Tuko Lumumba, chumba kimoja cha kupanga, mimi, Mama, watoto wawili na cherehani. Tina amefaulu mtihani wake. Analala chini ya meza ya kukatia nguo na anasema ni raha.

Barua yako ya mwezi wa sita imenifikia tarehe 24 Julai. Kule alikwama Mahagi na lori, barabara ilifungwa. Ujumbe wako wa simu niliuona. Ulianza na "Usimruhusu Baba Mudogo", nikaufuta hapo hapo. Nilidhani ni wivu.

Kwa hiyo nikuambie jinsi ilivyokwenda, kwa kuwa wewe hukuwepo, kama kawaida.

Watu walijaa. Wali ulikuwa mwingi, nyama ilikuwa nzuri, mama wa chorale walikuwa na sare. Mama tulimkalisha kwenye mkeka, miguu imenyooka, ananiangalia mimi tu. Nilimtabasamia, Mungu anisaidie. Baba Mudogo alitoka na suti yake, kitenge changu kikiwa kimekunjwa kwenye mkono kama taulo ya hotelini. Alipoinama kushika kile kitambaa cha kichwani, Mama alimshika mkono. Alimshika hapa, kwenye kifundo, na ule mkono wake uliokonda. Akasema kwa sauti ya sokoni, sauti ambayo sijaisikia tangu Djugu:

"Shemeki Ambroise, acha. Bwana yangu alikuwa mumoja, na alishaenda. Ya pili mi sitafuti."

Muziki ulizimwa. Shangazi mmoja akapiga kelele, "Félicité, unafanya nini? Ni nani basi atakufunga?" Mama akajivua kitambaa mwenyewe. Nywele zimekuwa nyeupe zote, Yaya, sikujua. Ninamwogesha mgongo tu, kichwa alikuwa anajiosha mwenyewe. Akachukua kitenge kwenye mkono wa Baba Mudogo, akasimama, akajifunga. Akasema, "Mi-mwenyewe. Kama hii iko mubaya, Mungu ataniuliza mi-mwenyewe." Halafu akazunguka uwanja akipeana mkono na mama wa chorale mmoja mmoja. Wengine waliogopa kuupokea. Wengi waliupokea.

Baba Mudogo hakupiga kelele. Aliweka koti lake vizuri, akanitazama mimi, siyo Mama, akasema, "Basi, mutafute fasi ya kukaa." Nami nilikuwa nimemshukuru mtu huyu mbele ya kanisa.

Tulipokuwa tunafunga virago nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia. Nilimpigia kelele, sifichi. Akajibu huku anakunja mashuka: "Ningekuambia, ungelala wapi na batoto? Mi nilikuwa nangoja Tina amalize ile mutihani." Alivaa kilio juu ya kichwa chetu ili mabati yasitolewe: ungemfunga wewe, Ambroise angemkosa na sisi angetufukuza. Nami nikimsukuma kila siku avue.

Sasa sikiliza hasira yangu, maana ni ya kwako. Mlikula njama mkaniacha mimi mjinga wa nyumba. Mimi ninayemwogesha, mimi ninayemkatia kucha. Ulikubali nikuchukie, ukaona hiyo ni ushujaa. Haikuwa ushujaa, ilikuwa rahisi kwako. Mtu akikuchukia huna haja ya kumtembelea.

Na swali moja, ulijibu bila kuniletea habari ya barabara. Una nyumba ya matofali Ariwara. Mama alipokunong'oneza nyuma ya nyumba, kwa nini hukumwambia, "Mama, panda gari, twende kwangu"? Angekaa kwako, Ambroise angebaki na makala yake, na nyeusi ingevuliwa zamani. Kwa nini alihitaji kujificha ndani ya nguo wakati mwanawe ana milango?

Mama ameanza kuuza samaki tena, soko dogo la hapa Lumumba. Anaimba akipika. Sauti imeharibika kidogo.

Nadège


Ariwara, tarehe 1 Septemba 2024

Mudogo wangu Nadège,

Nawasalimu wote, namsalimu Tina kwa ushindi wake. Hapa hatujambo.

Nilisoma barua yako nimefunga duka. Niliposoma sauti ya Mama nilicheka peke yangu. Nilifika mpaka Mahagi mwezi ule, uamini usiamini. Nililala kwenye lori pamoja na Kule mpaka chakula kikaisha, abiria tukaambiwa turudi, nikarudi, yeye akabaki na lori. Hata hilo utasema ni siri ya mtu mwingine mfukoni.

Unasema ilikuwa rahisi kwangu. Wewe hujui ilivyokuwa. Kila mara Kule aliposhuka na bahasha yako niliiacha juu ya sanduku la fedha mpaka jioni. Lakini kweli ipo pia kwamba nilizoea. Mtu akishatukanwa vya kutosha anaanza kuona yuko sawa.

Swali lako la mwisho. Nyumba yangu ina vyumba viwili na kimoja kimejaa mali. Hali ya hewa ya huku ni joto, Mama ni mtu wa baridi ya Djugu. Lugha hapa ni Lingala, angekaa na nani? Na mambo ya nyumba yana wenyewe wawili, siyo mmoja. Gracieuse ni mke mzuri. Yeye na Mama waliwahi kusemana, zamani, wakati wa harusi, na sipendi kulirudia. Tafadhali, hapo uniache. Nitatuma kitu kwa ajili ya kodi ya chumba kila nikiuza. Mama akae huko na wewe, mmezoeana.

Fungua namba yangu basi. Tumezeeka kwa mambo haya.

Yaya wako,
Michée


Lumumba, Bunia, tarehe 23 Septemba 2024

Yaya Michée,

Barua hii haina salamu, salamu zote amezibeba mwingine.

Namba sijaifungua. Joto la Ariwara, vyumba vyako na Lingala yako nilivisoma kwa sauti, kwa sababu Mama aliniomba nimsomee barua yote, na siwezi tena kukaa na siri za nyumba hii. Alisikiliza mpaka mwisho. Sehemu ya Gracieuse alinirudisha nyuma nisome tena. Halafu akaniambia, "Joto haiue mutu. Nataka nione fasi mutoto yangu anauzisha." Nilimkataza. Barabara, umri, wewe. Unajua anavyogeukia ukuta, lakini safari hii hakugeuka. Akaenda sokoni kuchagua samaki.

Mlikubaliana yeye akusitiri wewe, asikuombe chumba, na wewe umsitiri yeye, na mimi mkanifungia nje. Sasa nimetoka katikati. Kama nyumba yako haina nafasi, usiniandikie mimi. Mwambie yeye, usoni, kwa Kiswahili, na Gracieuse awe amesimama hapo.

Aliyekukabidhi karatasi hii ni Mama. Kule amemshusha mbele ya duka lako na ameondoka zake. Tangu ulipoanza kusoma, Mama amesimama juani akikungoja, na mfuko wa samaki uko kichwani. Mfuko ule ni mzito, Michée. Acha kusoma, umtue mzigo.